Lugha ya Mama, kwa Herufi Kubwa

Fomu ya viza ilikuwa na visanduku vingi, lakini kimoja tu ndicho kilininyima usingizi. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote? Hapana, na cheti cha tabia njema ninacho: nililipa 1,050 kwenye eCitizen, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre ya Wote, nikarudi nyumbani na wino kwenye kucha kama mtu aliyepiga kura mara kumi. Halafu, karibu na mwisho wa ukurasa: LUGHA YA MAMA. Jaza kwa herufi kubwa.

Ajenti wangu alikuwa ameshanijibia. Ni jamaa mwenye ofisi ya chumba kimoja katikati ya Nairobi, picha kubwa ya ndege ukutani na kiti kimoja cha wateja. "Andika Kiingereza," aliniambia. "Usianze kuniletea mambo ya kijijini, madam."

Na hakuwa anaropokwa tu. Hii biashara ya kufundisha Kiingereza Asia ina orodha yake. Korea Kusini, kwa mfano, viza yao ya walimu wa lugha, ile E-2, kwa Kiingereza huwapa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Sisi ambao Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiingereza ni lugha rasmi, ambao tumefanya KCPE na KCSE kwa Kiingereza, hatumo. Afrika Kusini imo, ingawa huko wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki mtu mmoja kati ya kumi. Sina ubaya na Waafrika Kusini. Nashangaa tu.

Nchi niliyokuwa naenda mimi, ambayo sitaitaja, hupokea hata wasio wazawa wa lugha. Lakini mkataba wa shule ulikuwa na safu mbili za mshahara, na tofauti kati ya safu hizo ilikaribia pesa nilizokuwa nikipata kama mwalimu intern wa junior secondary huku Makueni. Yaani 20,000 kabla ya makato. Nilikuwa intern mwaka wa pili. Kusubiri TSC ikuajiri ni kama kusubiri mvua Kathonzweni: unaona mawingu, unasikia watu wa kwingine wamepata, wewe unaendelea kuangalia juu.

Kwa hivyo nikaandika KIINGEREZA. Nilitumia kalamu nyeusi, nikakunja fomu haraka.

Mama yangu ni wa Ikutha, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Aliolewa Makueni, na mpaka leo akina shangazi wanamcheka jinsi anavyotamka maneno mengine, kwa sababu Kikamba cha Kitui na chetu si kimoja kabisa. Kiingereza chake ni "good morning" na "thank you", na hiyo ya pili huitumia kumaliza mazungumzo asiyoyataka. Ndiye aliyeuza mbuzi wanne na magunia mawili ya ndengu ili nilipe ajenti na mtihani wa Kiingereza. Naam, nilifanya mtihani wa Kiingereza ili niruhusiwe kwenda kufundisha lugha niliyosomea shahada.

Kuna kitu kingine. Kikamba hakina r. Gari kwetu ni ngali. Nilipoingia darasa la kwanza sikujua kuwa kuna sauti ambayo ulimi wangu haina. Nilijulishwa. Shule yetu ilikuwa na disk, kipande cha mbao chenye kamba, ukishikwa unaongea Kikamba unakivaa shingoni mpaka umnase mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu kama hizi za miaka ya hamsini. Mimi nimezaliwa miaka ya tisini na bado ninaukumbuka uzito wa ile mbao. Siku nyingine nilienda nayo hadi nyumbani. Mama aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni zawadi.

Siku ya mahojiano nilipanda matatu ya saa tisa usiku kutoka Wote. Njia nzima nilikuwa nanong'ona majibu kwa ile sauti ya puani ya YouTube ambayo ajenti alinisisitizia, mpaka jirani yangu akaniuliza kama naomba. Nikamwambia ndiyo. Tulishukia Machakos Country Bus, ile steji ambayo watu huiita Machakos Airport, na ambayo hadi siku hiyo ndiyo ilikuwa airport pekee niliyowahi kufika.

Langoni mwa ubalozi askari alitaka simu zizimwe na ziachwe kwake. Kabla sijaizima, ikalia. Mama. Alitaka kujua kama nimekula. Nikaongea naye kwa sauti ya chini, nikiwapa mgongo watu wa foleni. Wengi walikuwa wafanyabiashara, mikoba yao ya ngozi, hawatetemeki. Mimi folda yangu ya plastiki ilikuwa imeshika jasho la mkono.

Ndani nilingoja karibu saa mbili kwa mahojiano yaliyochukua labda dakika kumi. Nyuma ya kioo alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, Kiingereza chake cha polepole, kila neno amelipanga kabla ya kulitoa. Aliuliza ya kawaida: shule gani, nani atalipa tiketi, utarudi lini. Nilijibu kwa sauti ya YouTube. Kisha akapitia vyeti, akafika kwa fomu, akaweka kidole pale pale.

"Hapa umesema lugha ya mama ni Kiingereza. Mama yako ni Mwingereza?"

Nilikuwa na jibu. Ajenti alinipa: sema nyumbani mlilelewa kwa Kiingereza. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kabla sijaingia mama yangu alikuwa ameniuliza kama nimekula, na sikio langu lilikuwa bado na joto la simu.

"Hapana. Ni Mkamba wa Ikutha."

"Leo umeongea naye?"

"Ndiyo."

"Kwa lugha gani?"

Nilipomjibu, ile sauti ya puani ilikuwa imeisha, sijui ilienda wapi. Akaipitisha fomu chini ya kioo pamoja na kalamu. Hakusema kitu. Nikakata neno moja, nikaandika lingine juu yake, nikatia sahihi pembeni. Nilikuwa nahesabu mbuzi kichwani.

Nilidhani basi, nimeenda. Yeye akaegemea kiti. "Wanafunzi wa kwetu hawawezi kutenganisha rice na lice," akasema. "Mimi mwenyewe hunishinda. Utawafundishaje?"

Hilo hakuna ajenti aliyeniandalia. Nilimwambia kwamba kwetu pia r haipo, kwamba niliipata nikiwa na miaka minane, kwa mwalimu mmoja ambaye hakuwa anapenda disk. Alitupa vioo vidogo tuangalie midomo yetu. Kwa l, ncha ya ulimi hupanda ikashika nyuma ya meno ya juu, ikatulia hapo. Kwa r haishiki, inapita tu. Nikamwonyesha kwenye kioo kilichokuwa katikati yetu. Lice. Rice. Akajaribu. Akakosea. Akajaribu tena, kwa sauti ya chini, akiangalia kama wenzake wanasikia.

Viza ilitoka wiki iliyofuata. Shule nayo ilipata nakala ya fomu, na mkataba ukarudi umesahihishwa: safu ya pili. Ajenti alinipigia akiwa amekasirika kweli kweli, kana kwamba pesa ni zake. Akaniita mjinga, kisha akanikumbusha salio lake.

Jumapili nilienda nyumbani kumweleza mama. Alikuwa anapepeta pojo jikoni. Nilimsimulia yote, fomu, kidole, neno nililolikata, na nilivyokataa kumkana. Nilitarajia labda machozi kidogo.

Aliweka ungo chini. "Kwani ungeandika hicho Kiingereza, mimi ningejulia wapi?"

Nikanyamaza.

"Na hiyo tofauti ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa mbuzi, kama mimi.

"Thank you," akasema, akachukua ungo wake.