Kibera, Msitu wa Wanubi
Wanubi waliita mahali hapa Kibra, yaani msitu. Babu zao, askari wa Mwingereza waliotoka Sudan, walipewa makao humo mwanzoni mwa karne ya 20. Leo msitu umekwisha, yamebaki mabati.

Tulitoka Kawangware kwa miguu, kundi zima, tukaivuka Barabara ya Ngong, tukafika Makina kabla ya Magharibi. Bibi mmoja wa Kinubi alitulaza kwake, akatuandalia gurusa na chai, akakataa malipo. Jamii yao, alisema, ilipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, wazee wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Wazazi, wasimulieni watoto: waliohesabiwa wageni karne nzima ndio waliotukirimu.