Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Tano, naitumia methali hii kwa mali isiyotiwa sandukuni, nayo ni maarifa ya mama zetu na bibi zetu.

Masomo ya habari za wanawake ni elimu changa vyuoni. Chuo cha San Diego, Marekani, kiliyaanzisha rasmi mwaka 1970. Mwaka 1974 taasisi ya Woodrow Wilson ya nchi hiyo ikaanza kuwapa ruzuku wanafunzi walioandika tasnifu za uzamivu juu ya wanawake. Barani kwetu CODESRIA, baraza la watafiti lililoundwa Dakar mwaka 1973, limewasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu kwa ruzuku ndogo za tasnifu, na mwaka 1994 lilianza mafunzo maalumu ya jinsia.

Ruzuku za namna hii hazijengi nyumba. Hulipa nauli, karatasi na kinasa sauti. Hulipa pia muda wa kuandika maneno yaliyonaswa, kazi ambayo huchukua saa nyingi kuliko mazungumzo yenyewe.

Ili tuone faida ya kazi hiyo, na tutazame Mombasa. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel aliketi na akina bibi wa mji ule akawasikiliza. Yeye na Sarah Mirza wakatoa kitabu cha maisha ya watatu kati yao, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa, na Mishi wa Abdala alikuwa wa uzao wa watumwa. Nilipofahamu jambo hilo nilitambua kwamba kumsikiliza mmoja tu kungetupa nusu ya habari.

Wapo wenzangu wanaouliza kwa nini fedha zisinunue madawati. Madawati twayahitaji, wala sibishi. Lakini dawati laweza kununuliwa mwakani, na mzee akifariki hanunuliki. Wengine huuliza kwa nini wanawake peke yao. Nawajibu kwamba mabweni yote manne ya shule yetu yana majina ya wanaume, na sifa zao twazijua kwa moyo. Upande mmoja umekwisha kuandikwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga kijijini kabla ya zahanati kujengwa. Anakumbuka mwaka wa njaa, dawa za miti, na nani alizaliwa usiku gani. Hajui kuandika, na sasa sikio lake limekuwa zito. Nimepiga hesabu: nauli ya safari nne, daftari mbili, na kilo mbili za sukari ya kumpelekea, jumla haizidi shilingi 20,000.

Basi naleta shauri mbele ya Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi. Chama chetu cha Historia kitenge shilingi 20,000 kila muhula, kimpe mwanafunzi mmoja, wa kike au wa kiume, aandike maisha ya mwanamke mmoja wa mahali petu. Masharti yawe matatu. Kwanza, aombe idhini, na asiandike lile aliloambiwa aliache. Pili, ayaandike maneno kama yalivyosemwa, asiyapambe. Tatu, nakala moja iwekwe maktaba, na nyingine arudishiwe mwenyewe na kusomewa kwa sauti, apate kusahihisha. Hesabu ya matumizi ibandikwe ubaoni, kila mtu aione.

Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mihula miwili ya mwaka tutapata daftari mbili, na kwa miaka kumi daftari ishirini. Naomba tuanze likizo hii ya Juni, kwa maana wazee wetu hawatungoji.