Tairi za Baba

Huenda mkastaajabu kuwaona wanawake wakiandika habari za tairi. Nasi hatukuzijali, mama na sisi mabinti zake, hadi Jumapili moja ambapo baba, aliyezoea kurejea kabla ya saa nne, hakuonekana mpaka adhana ya Adhuhuri. Baba ana kisukari, na kwa ushauri wa daktari huendesha baiskeli ya mbio kutoka Mtwapa hadi Vipingo na kurudi. Siku hiyo tairi ilitoboka mara mbili, naye alikuwa na tyubu moja tu ya akiba. Aliikokota baiskeli juani kando ya mashamba ya mkonge, sukari ikamshuka, na muuza madafu ndiye aliyemkalisha kivulini akamnywesha. Kilichotoboa ni kijiwaya chembamba kama sindano, cha aina inayomwagwa barabarani na tairi za malori zilizopasuka.

Usiku ule kaka yetu alishauri zinunuliwe tairi zisizo na tyubu. Si jambo la jana: Hutchinson ya Ufaransa na Shimano ya Japani zilizileta kwa baiskeli za barabarani mwaka 2006. Ndani hutiwa utomvu wa mpira, mweupe kama tui, unaozunguka pamoja na gurudumu. Kijiwaya kikiingia, upepo huusukuma utomvu tunduni, nao ukaganda. Tena, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa baina ya rimu na shimo la barabara, upepo waweza kupunguzwa, na mgongo wa mzee ukapata nafuu.

"Na ikichanika pakubwa?" mama akauliza. Kaka akanyamaza. Utomvu hauzibi mchaniko mkubwa. Hapo ni kizibo cha mpira, au tyubu ile ile tuliyoikimbia.

Dukani tulilinganisha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mashindano, nyepesi, ubavu wake laini kama kitambaa. Ya pili ilikuwa nzito kidogo, yenye tabaka la kinga chini ya mpira hadi ubavuni. Kaka alisifu wepesi. Sisi tukamuuliza, mzee wa miaka 62 anashindana na nani? Tukaichukua nzito, ya upana wa milimita 28, ingawa jozi moja ilimeza matumizi ya jikoni ya wiki mbili.

Kuzivisha kulikuwa kazi. Pampu ya nyumbani haikufua dafu, utomvu ukamwagika, na mkeka wa mama una doa hadi leo. Ulihitajika upepo wa kishindo wa mashine ya gereji ili kingo za tairi zikae rimuni. Kijana wa gereji alitaka kujaza mpaka tairi iwe jiwe. Tukamzuia, maana rimu za baba hazina ndoano ukingoni, na za namna hiyo hazipaswi kuzidi baa 5.

Joto letu la pwani hukausha utomvu upesi. Kila miezi miwili mdogo wetu hulitikisa gurudumu karibu na sikio. Mwezi uliopita hakusikia kitu. Tulipofungua tulikuta utando mkavu, na vijiwaya vitatu vilivyozibwa bila baba kujua. Tukatia utomvu mpya. Mama akaongeza tende katika mkoba wa tandiko, kando ya tyubu ya akiba.