Shemeji, Zamu Yako!

Usiku wa Julai Sumbawanga kuna baridi ya kweli, msomaji wangu. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Dar ukishuka kwenye basi na kiblauzi chako unajuta. Mimi na mume wangu tulijipa siku tatu tu: Msitu wa Mbizi wenye mbega wekundu, kisha tushuke bondeni hadi Ziwa Rukwa.

Jioni ya kwanza tukatafuta joto kwenye baa moja mjini. Ndani kulikuwa na meza ya pool ya siku nyingi, kitambaa kimeshonwa kwa uzi, mguu mmoja umewekewa kipande cha mbao. Unatia sarafu, unasukuma, mipira 15 inaporomoka kwa kishindo. Ikiingia shimoni hairudi, isipokuwa ule mweupe. Mshindi anabaki, mshindwa analipa. Meza yenyewe ililalia kushoto, na wenyeji walijua kona ipi inameza. Ndiyo raha yake, maana hushindani na mtu tu, unashindana na meza pia! Nusu saa haijaisha nilikuwa na mashemeji sita.

"Shemeji, piga taratibu, hii haitaki nguvu!"

Nikashinda mara moja, kwa bahati. Mume wangu akanitazama kama enzi zile tunachumbiana.

Kesho yake, saa nane mchana, akarudi mezani. Mbizi tukaahirisha.

Machi 2016, hayati Rais Magufuli aliwaambia wakuu wa mikoa kwamba vijana wanaocheza pool asubuhi wapelekwe shamba. Hata New York iliwahi kupiga marufuku pinball, ile mashine ya kurusha gololi ya chuma kwa springi, toka 1942 hadi 1976, eti ni kamari. Mimi nilikuwa naona ni ukali tu. Lakini nikiwa na chupa tupu ya soda, sarafu zetu zikiyeyuka, nikaanza kuwaelewa wakubwa. Ukishajua meza inalalia wapi, haina jipya tena. Kinachobaki ni hasira za kukomboa.

"Mume wangu, tumepanda basi mpaka huku kuja kuona kitambaa cha kijani?"

Akacheka, akarudisha fimbo ukutani.

Siku ya tatu tukapanda Mbizi, wawili tu. Bonde la Rukwa lilijaa ukungu, tukakaa kwenye nyasi tukisubiri ufunguke. Kushuka ziwani muda haukuwepo tena, tiketi za basi la alfajiri tulishakata.