Subaru si ya Kukimbizwa Ngong Road

Wasee, Ferrari wacha ikae kwa poster. Na matuta ya Kawangware, itapita wapi? Mimi ni Impreza tu. Hii ilijaribiwa kwa vumbi letu: 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nayo.

Mwezi jana beshte alinipa usukani wa yake. Kufika karibu na soko la Toi, upande wa Kibera, barabara iko wazi, nikakanyaga mafuta. Eksosi ikanguruma, nikacheka kama mtoto. Hapo dogo mmoja akachomoka na mtungi wa maji. Breki! Tulisimama hatua mbili kutoka kwake. Akaniangalia tu, akavuka. Mtungi haukumwagika hata.

Nilimrudishia beshte ufunguo. Mikono ilitetemeka mpaka nikafika nyumbani, na nilienda kwa miguu.