Soksi za Mchungaji

Ndugu msomaji, soksi zako zingali kabatini? Nenda uangalie!

Jumapili moja nilitafuta zangu nyeusi kabla ya ibada, nikazikosa. Kumbe zilikuwa zimezungushiwa matambara na kamba, zimekuwa mupira! Kijana wetu alikuwa akizipiga teke mchangani kando ya ziwa, huku Kalundu. Nilihubiri bila soksi, nikijificha nyuma ya mimbara.

Dada yake naye anajifunza ngoma ya korali. Ngoma ya kanisa haitoki kanisani, basi anapiga sufuria. Siku ingine bugali ulichelewa kwa sababu sufuria ilikuwa kwenye mazoezi.

Baada ya ibada nilimnyang'anya kijana mupira. Akasema: «Baba, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974. Kwa kombe moja, mpaka leo hakuna aliyempita.» Nikamuuliza: «Alifunga kwa soksi za baba yake?»

Jioni ile jirani alikuja akilia. Mtoto wake, wa umri wa wetu, alikuwa ametoroka kwenda kuchimba dhahabu Misisi. Usiku sikulala. Wangu nilijua alipo: anakoroma, miguu imejaa mchanga.

Nabii Zekaria (8:5) aliona Yerusalemu iliyobarikiwa: njia zake zimejaa watoto wanaocheza. Basi, mzazi mwenzangu, panga saa ya masomo, saa ya maombi na saa ya mchezo. Usiue hata moja.

Asubuhi nilimrudishia mupira, soksi zangu zikiwa ndani. Mama watoto alininunulia zingine sokoni. Hizo zinalala chini ya mto wangu.