Sekunde za Mlio wa Simu

Nilikulia Tanga, nikajifunza ufundi wa mitambo ya simu kabla sijagusa kompyuta, na sehemu ya mwisho ya kazi yangu nikaimalizia kwenye programu za JavaScript zinazokaa katika seva na kuwapigia watu simu zenyewe: kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kliniki, kumjulisha mkulima bei ya mazao. Sasa ninastaafu, na liko jambo moja ambalo sijalikubali hadi leo, nalo ni mazoea ya kumwacha aliyepokea simu akisikiliza kimya huku seva ikitafuta la kumwambia.

Mpango wenyewe si mgumu. Programu humpa mtoa huduma, awe Twilio au Africa's Talking, namba ya mtu, naye anakuwa na anwani ya seva yetu. Mtu akipokea, mtoa huduma huiuliza seva aseme nini, nayo hujibu kwa maagizo mafupi ya XML: soma maneno haya, cheza sauti hii, ngoja abonyeze kitufe. Akibonyeza, swali jingine linakuja. Tangu Ryan Dahl alipoitoa Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, mwaka 2009, wengi wameamini kwamba hapa hakuna tatizo tena, kwa sababu hifadhidata ikichelewa unaandika await na seva inaendelea kuhudumia wengine. Ni kweli, seva haikwami. Lakini faida hiyo ni ya seva. Aliyeweka simu sikioni amesema haloo na hakujibiwa, na wingi wa watu wanaohudumiwa wakati huo haumsaidii kitu. Twilio huisubiri seva kwa sekunde 15 kabla ya kuhesabu kwamba imeshindwa, na wapo wanaoichukua idadi hiyo kama ruhusa. Huo ni ukomo wa mashine. Kipimo cha binadamu ni kingine kabisa: Tanya Stivers na wenzake, katika utafiti wa lugha 10 uliochapishwa 2009, walikuta kwamba pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama milisekunde 200. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, nayo katika pendekezo G.114 inawataka wajenzi wa mitandao wasivuke milisekunde 400 kwa safari ya sauti ya upande mmoja. Mafundi wa simu wamezipigania milisekunde hizo kwa miaka mingi, na inaniuma mwandishi wa programu anapotupa sekunde tatu nzima kwa swali moja la hifadhidata.

Tena sisi ndio tuliopiga! Seva ya tovuti haijui nani atabisha hodi wala atataka nini, kwa hiyo ina udhuru. Programu inayopiga simu inamjua mtu, namba yake na sababu ya kumtafuta kabla simu haijaita. Jina, tarehe na saa ya miadi vinaweza kuandaliwa mapema, hata faili la sauti likawa tayari, na simu ikipokewa seva ikabaki na kazi ya kutoa jibu lililokwisha andikwa. Wanaonipinga husema kwamba taarifa huchacha: simu ikikaa kwenye foleni saa nzima, miadi inaweza kuwa imebadilishwa. Pingamizi hilo ni la haki, na dawa yake ipo ndani ya huduma yenyewe. Mtoa huduma kama Twilio anaweza kuiarifu seva pindi simu inapoanza kuita. Hapo ndipo pa kuhakikisha taarifa upya, wakati mtu bado anaitafuta simu mfukoni na hakuna anayesubiri chochote.

Panapobaki ugumu wa kweli ni baada ya kitufe kubonyezwa, maana chaguo la mtu halijulikani kabla. Hata hapo, vijana wangu, jibuni papo hapo kwa sentensi moja iliyorekodiwa, kazi nzito itieni kwenye foleni, kisha tumieni agizo la Redirect ili mtoa huduma arudi kuuliza. Hali ya mazungumzo iwekeni kwenye hifadhidata kwa kitambulisho cha simu, kwa sababu kila swali hufika peke yake, na seva ikiwashwa upya katikati ya simu, kumbukumbu yake inafutika ilhali mtu bado yuko hewani.